Kwa Nini Hesabu Zinamshinda Mwanangu? Maswali Ninayoulizwa Kila Likizo

Nafundisha hesabu Busia, upande wa Uganda. Shule zikifunga nakaa na watoto wachache kwenye kibaraza cha nyumba yangu na ubao wa kuegemeza ukutani. Wazazi wanaowaleta ni Wasamia, Waganda, Wateso, Wasomali wenye maduka, na wengine huvuka kutoka Kenya. Kinachotuunganisha ni Kiswahili cha sokoni. Maswali yao yanafanana mno, basi nimeyaandika hapa, na mama anayenipigia saa nne usiku naye asome kwanza.

Je, kuna watoto waliozaliwa bila kichwa cha hesabu?

Wapo wachache sana, nitawafikia huko chini. Wengi ninaoletewa vichwa vyao ni vizima. Walichonacho ni pengo: jambo moja au mawili ambayo hawakuyaelewa miaka iliyopita, darasa likasonga mbele wao wakiwa bado wamesimama. Masomo mengine husamehe. Mtoto aliyekosa wiki tatu za historia ya Bunyoro anaweza kuisoma ya Buganda bila taabu. Aliyekosa wiki tatu za sehemu, yaani nusu, theluthi na robo, atakutana nazo tena kwenye asilimia, kwenye uwiano, kwenye aljebra, mpaka S4, mwaka wa nne wa sekondari.

Mji wetu unaishi kwa malori na magunia, kwa hiyo wazazi huwaambia hivi: gunia lenye tundu chini halijai kwa kumwaga mahindi zaidi juu. Ligeuze kwanza, utafute tundu.

Na mfumo wetu hauligeuzi. Tangu UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ianze mwaka 1997 mtoto hupanda darasa kila mwaka, aelewe asielewe. Naielewa nia yake, maana mtoto anayerudishwa darasa mara mbili huacha shule akaenda kusukuma toroli mpakani. Lakini tundu hupanda pamoja naye. Kisha ikaja korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguka kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko sisi. Kama mwanao alikuwa P1, P2 au P3 (madarasa matatu ya mwanzo ya msingi) wakati ule, anza kuchunguza hapo kabla hujamwita mvivu.

P3 alikuwa anapata tisini. P4 akaanza kuanguka. Nini kilitokea?

Swali hili nalisikia kuliko yote. Hapo P4 mambo mawili hugongana.

La kwanza ni lugha. Mtaala ulioanza 2007 unataka P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. P4 ni mwaka wa kuvuka, na kuanzia P5 kila kitu ni Kiingereza, mpaka PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtoto huamka siku moja akakuta hesabu alizozijua zimebadilishwa nguo. (Shule nyingi za kulipia mjini huanza Kiingereza tangu chekechea. Huko nako mtoto hukariri majina ya namba kabla hajajua anahesabu nini.)

Ziangalie namba zenyewe. Kwa Kiswahili 11 ni kumi na moja. Kwa Kiganda ni kkumi n'emu, vilevile. Jina lenyewe limeshakueleza kwamba ndani yake kuna kumi, na pembeni kuna moja. Kiganda huendelea hivyo: 20 ni amakumi abiri, makumi mawili. Kiingereza kina majina ya 11 na 12 ambayo hayamwambii mtoto chochote, na kuanzia 13 hadi 19 hutaja mamoja kwanza, kumi likafuata nyuma. Ndiyo maana mwalimu akitamka kumi na nne kwa Kiingereza, kuna mtoto atakayeandika 41, na amesikia sawasawa kabisa. (Kiswahili chetu nacho kisijidai. Ishirini na thelathini tulizichukua kwa Waarabu, na wala hazikuonyeshi makumi yako wapi.)

Ipo pia habari ya saa. Nyumbani mama anasema ni saa mbili asubuhi, na mtoto anaona mkono mfupi umesimama kwenye 8. Sisi na Waganda huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Darasani saa hiyohiyo inaitwa nane. Mtoto huyo ana saa mbili kichwani, kwa maana zote mbili za maneno hayo, na mwalimu asipozitenganisha mapema kila swali la ratiba ya basi litamchanganya.

Halafu zipo sentensi. Mwambie mtoto atoe 7 kutoka 15: macho yake yanakutana na 7 kwanza, anaandika 7 – 15. Muulize tofauti ya 9 na 4. Mmoja alinijibu kwamba 9 ni witiri na 4 ni shufwa. Nilimpa alama. Hilo ndilo jibu la haki kwa mtu aliyeulizwa tofauti.

Jambo la pili ni desimali. Shilingi yetu haina senti. Sarafu ndogo anayoishika mtoto sokoni ni ya 50 au 100, kwa hiyo nukta katikati ya namba ni mgeni asiyewahi kumwona popote. Akikutana na 0.35 na 0.4 atakuambia 0.35 ni kubwa, kwa sababu 35 inaizidi 4. Usimkemee. Mpeleke kwa muuza nyama mwenye mizani ya dijitali. Nusu kilo pale husomeka 0.500, na daftarini ni 0.5. Mwache abishane na mizani. Mchinjaji akiwa na subira, hilo ni somo zima bila chaki.

Sokoni hakosei chenji hata shilingi mia. Darasani anapata sufuri. Ananidanganya?

Hakudanganyi. Anajua hesabu za aina mbili, na hakuna aliyemwambia kwamba ni moja.

Nilimpata mvulana wa P6 ambaye shangazi yake hubadilisha pesa mpakani. Nikamwambia: Mkenya amekuja na shilingi 350, bei ya leo ni 28, unampa ngapi? Hata hakuangalia juu. "Elfu tisa na mia nane." Nikamuuliza amepataje. Akasema mia tatu ni elfu nane na mia nne, hamsini ni elfu moja na mia nne, jumlisha. Nikampa daftari aandike 350 × 28. Akapanga namba, akazidisha 5, akazidisha 3, akasahau kusogeza mstari wa pili hatua moja kushoto, akabandika sufuri mwishoni. Jibu: 2,240.

"Ungempa Mkenya elfu mbili na mia mbili arobaini kwa mia tatu na hamsini zake?"

Akacheka. "Mwalimu, angenipeleka polisi."

Swali lilikuwa lilelile. Ila daftarini hakutarajia jibu liwe na maana yoyote. Alitarajia tu hatua zifuatwe, na hatua moja ilipopotea hakuwa na njia ya kuigundua. Jambo hili linajulikana duniani kote. Mwaka 1985 watafiti walichapisha habari za watoto wachuuzi wa mji wa Recife, Brazili. Barabarani, kwenye biashara zao, walijibu sawa karibu maswali yote, asilimia 98. Hesabu zilezile zilipoandikwa kwenye karatasi bila nazi wala mnunuzi, walipata asilimia 37 tu.

Dawa yake ni kuileta njia ya sokoni kwenye karatasi badala ya kuifukuza. Yule mvulana alikuwa anaivunja 350 kuwa 300 na 50, na hicho ndicho kitabu kinachofanya kwenye ile mistari miwili. Nilimwandikia alichokisema kwa mdomo, mstari kwa mstari, nikaweka njia ya kitabu pembeni. Alizitazama kwa muda, kisha akauliza mbona hawakusema hivyo tangu mwanzo.

Tangu hapo kila mtoto wangu ana sharti moja. Kabla ya kupiga hesabu ataje jibu la kukisia: ni maelfu, ni mamia, ni chini ya kumi? Akipata kitu kingine kabisa, arudi.

Yuko S2 na haelewi chochote. Tuanzie wapi?

Nyuma, kwa mbali kuliko unavyodhani.

Nililetewa msichana ambaye mama yake, muuza mitumba, alisema tatizo ni aljebra tu. Nikampa x/2 + x/3. Akaandika 2x/5. Nikaondoa x, nikamwuliza 1/2 + 1/3. Akaandika 2/5, bila wasiwasi: juu na juu, chini na chini. Nikamwuliza, kati ya nusu na mbili ya tano, ipi kubwa? Akanyamaza. Amejumlisha kitu juu ya nusu, na jibu limekuwa pungufu ya nusu aliyoanza nayo, na halikumshtua.

Nikarudi nyuma zaidi. Kati ya 1/3 na 1/4? "Moja ya nne, kwa sababu nne ni kubwa." Hapo ndipo lilipokuwa tundu, P4, miaka mitano nyuma. Nikamwuliza kwa Kiswahili: dukani, robo kilo ya sukari na nusu kilo, ipi ni nyingi? Akanitazama kama nimemtukana. Anajua robo tangu aanze kutumwa dukani! Ila hakuna siku aliyoambiwa kwamba ile 1/4 ya ubaoni ndiyo robo ya dukani.

Tulinunua chapati mbili kwa mkaanga rolex, zile chapati za mayai, wa pale njia panda. Moja tukaikata mara tatu, nyingine mara nne, tukalaza kipande juu ya kipande. Akasema namba ya chini ni watu wanaogawana, wakiongezeka kila mmoja anapata kidogo. Siwezi kulisema vizuri zaidi. Tukakaa kwenye sehemu kwa siku nne, na siku ya tano tukarudi kwenye x/2 + x/3. Akaandika 5x/6, akaninyooshea daftari akiwa tayari ameshaanza swali lililofuata.

Nyumbani unaweza kufanya hivi. Tafuta vitabu au madaftari ya kaka na dada zake. Chagua maswali matano ya P3, matano ya P4, endelea hivyo. Usimwambie ni ya darasa gani, atajisikia vibaya. Pale anapoanza kukosa mawili kati ya matano, shuka darasa moja chini, anzia hapo. Kazi ya alasiri moja.

Tuisheni inasaidia?

Inategemea kama mwalimu anageuza gunia au anamwaga juu. Tuisheni nyingi nilizoziona ni mada za darasani zilezile, kwa kasi ileile, mara ya pili, kwa pesa.

Amekariri BODMAS vizuri. Mbona bado anakosa?

Labda kwa sababu ameikariri vizuri. BODMAS ni herufi za Kiingereza za kukumbusha hatua ipi ianze; A ni kujumlisha, S ni kutoa. Mpe 10 – 3 + 2. Herufi A iko mbele ya S, basi anajumlisha kwanza: 3 na 2 ni 5, kumi toa tano ni 5. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unavipiga kutoka kushoto kwenda kulia, na kuzidisha na kugawanya hivyohivyo. Mimi mwenyewe niliipiga vibaya mpaka S1, na mwalimu wangu wa msingi alikuwa akiniwekea alama ya sahihi. Neno la kukumbushia ni kamba ya kushikia; lisipoelezwa humfunga mtoto.

Majedwali ya kuzidisha nayo ni hivyo. Wengi wanayajua kwa wimbo: waulize 7 × 8 utawaona midomo inaanza kwenye 7 × 1. Nataka ayajue, tena kwa haraka, ila aweze kuingilia katikati. Kama 7 × 7 ni 49, basi ongeza saba.

Kiboko hakimwamshi?

Kwanza, sheria. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yanakataza adhabu ya viboko shuleni. Pili, hesabu yenyewe inakataa. Kichwa kina meza ndogo ya kufanyia kazi, inabeba vitu vichache kwa wakati mmoja: namba unayoishika, hatua uliyofika, ile uliyoiazima kwa jirani. Mtoto anayeogopa ameweka woga mezani, na woga ni mkubwa, unachukua nusu ya nafasi. Ndiyo maana anayejua jibu barazani kwangu hulisahau akiitwa ubaoni. Maneno hufanya kazi hiyohiyo bila fimbo. Ewe baba unayesema mbele ya mwanao kwamba kwenu hakuna aliyewahi kuziweza hesabu, umemwachia udhuru wa maisha.

Wasichana hesabu si zao?

UNEB, baraza la mitihani, linapotangaza matokeo, mara nyingi wavulana huwa mbele kwenye hesabu na wasichana mbele kwenye Kiingereza. Watu husikia hilo wakafikiri ni damu. Mimi naona nani anapika jioni na nani anafanya kazi ya shule, nani anakosa siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa pedi, na nani mwalimu humtazama anapouliza swali gumu. Kibarazani kwangu, ambako wote hupata saa mbili zilezile, hiyo tofauti siioni.

Nitajuaje kama ni ugonjwa au tatizo la kuzaliwa nalo?

Lipo tatizo linaloitwa disikalkulia. Hukadiriwa kuwapata watoto kama 3 hadi 7 katika kila 100. Si upumbavu wala si uvivu. Mwenye nalo anaweza kusoma hadithi vizuri kuliko wenzake. Ila yuko P5 na bado anahesabu 3 na 4 kwa vidole, akianzia moja. Ukiweka mawe matatu mbele yake anayahesabu badala ya kuyaona. Ukimwuliza 6 na 8 ipi kubwa anafikiri.

Kabla ya hapo, pima macho. Nilikuwa na mtoto aliyenakili 8 zote kama 3, tukahangaika wiki mbili, kumbe alihitaji miwani. Pima na masikio. Uliza pia kama anakula mchana. Aliyekunywa chai asubuhi akasubiri mpaka jioni hana nguvu za kugawanya chochote.

Ukiendelea kushuku, mwone mwalimu wa elimu maalumu. Chuo Kikuu cha Kyambogo ndicho kinachowafundisha wengi wao. UNEB hutoa muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini shule lazima iombe mapema, wakati wa kusajili, si wiki ya mtihani.

Basi wa kulaumiwa ni mwalimu?

Nikijitetea mtanicheka, kwa hiyo tupige hesabu. Shule za serikali, madarasa ya chini, watoto mia moja katika chumba kimoja si habari mpya. Wape maswali kumi tu. Hayo ni maswali 1,000. Ukisahihisha kila moja kwa sekunde tano bila kuinua kichwa, umetumia saa moja na dakika 23, na hujaona *kwa nini* yeyote amekosa. Umeona tu kwamba amekosa. Na bado kuna Kiingereza, sayansi na maarifa ya jamii (SST), mara nyingi kwa mwalimu yuleyule.

Mwaka 2022 serikali iliwapandishia mishahara walimu wa sayansi na hesabu wa sekondari, wenye digrii wakafika shilingi milioni nne. Sawa, sikatai. Lakini tundu hutobolewa P3 na P4, na wale wa huko hawakuguswa.

Lawama yetu halisi ni moja. Wapo walimu wanaoogopa sehemu na desimali wao wenyewe, na mada unayoiogopa unaipita haraka.

Na mtaala mpya wa sekondari? Kikokotoo je?

Mtaala ulianza 2020, na wa kwanza kufanya UCE yake, mtihani wa mwisho wa S4, walikuwa wa 2024. Kazi za darasani sasa huchangia asilimia 20 ya alama, na mtihani unauliza zaidi mambo ya maisha: bajeti, kiwanja, biashara. Yule mvulana wa pesa za mpakani utamfaa. Asiyejua kusoma swali refu la Kiingereza atateseka zaidi ya zamani.

Kikokotoo kinaruhusiwa UCE, PLE hakiruhusiwi. Kabla ya S1 kifiche.

Mimi sikusoma. Nitamsaidiaje nyumbani?

Huhitaji kujua jibu. Mwache ahesabu mauzo ya siku, agawanye kuku wa Krismasi au wa Idi, apige bei ya debe ukijua bei ya kilo. Kama kuna mzee anayejua mweso, amfundishe: mashimo 32, kete 64, na kila zamu unahesabu ziangukie wapi kabla hujazigusa. Watoto waliokua kwenye mweso nawatambua siku ya kwanza, hawahesabu kwa kidole.

Kisha chukua daftari lake jioni, fungua popote, weka kidole kwenye swali lolote, hata lenye alama ya sahihi, umwulize, "Hapa umepataje?" Akikueleza kwa Kiswahili, au Kisamia, au lugha yoyote mnayoongea jikoni, na ukamwelewa, amelielewa. Akisema "mwalimu ndivyo alivyofanya," kunja ukurasa huo kwenye kona, na likizo uje nao.